Watoto Walisema Ukweli, Mama Mkwe Akavua Aproni

Mshauri wetu mpendwa,

Nakusoma kila Jumapili na mara nyingi nimecheka matatizo ya wenzangu huku nakunywa chai, sasa zamu imenifikia mimi na chai yenyewe haipiti kooni, naomba unishike mkono kabla shule haijafunguliwa maana siku iko mlangoni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi, na niseme mapema usije ukanidhania ni mtu wa kubabaika, kazi yangu naijua, naipenda, na watoto wangu wananielewa. Siku za mwisho kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula walimu wengi wanasukuma muda tu, mtoto anachora anachotaka, mwalimu anasahihisha madaftari, kengele inalia wanakwenda nyumbani, lakini kwangu mimi huo ndio wakati mtamu kuliko yote, kwa sababu siku ya kufunga wazazi wanaalikwa kuingia madarasani kuona watoto wao wamejifunza nini, kwa hiyo chumba changu kinageuka karakana: huku kundi linakata maduara ya kadibodi ili kuelewa nusu na robo, kule kundi linapima varanda kwa kamba yenye mafundo na linagombana kama fundo la mwisho lihesabiwe au lisihesabiwe, na kwenye ukuta wa nyuma, kando ya dirisha lisilofungika vizuri, ipo kona yetu ya sayansi, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Tulikuwa tunasoma usafi. Sasa mtoto wa darasa la tatu ukimwambia kwamba mikononi mwake kuna vijidudu visivyoonekana anakubali kwa heshima tu, lakini machoni unaona kabisa anasema huyu mwalimu ana hadithi, ndipo nikaleta mkate wa kawaida wa dukani uliokwisha kukatwa, nikagawa kipande kimoja kwa kila kundi, kundi moja wakakishika baada ya kunawa kwa sabuni, jingine baada ya kunawa kwa maji matupu, jingine wakitoka moja kwa moja kwenye mpira, jingine wakakipangusia kwenye dawati, na kundi la mwisho nikawaambia wachague wenyewe mahali pa kukipangusia. Kila kipande tukakitia kwenye mfuko wake wa plastiki unaoonyesha ndani, tukafunga kwa selotepu, tukabandika ukutani, na kila asubuhi baada ya kuita majina watoto wanakwenda kuangalia kisha wanachora walichokiona. Nakuhakikishia, mshauri, hata wale wachelewaji wa kudumu walianza kuwahi.

Lile kundi la mwisho linaongozwa na binti mmoja ambaye nitamwita Chiriku, kwa sababu anaongea hata akiwa na maji mdomoni. Yeye hakufikiria mara mbili.

"Mwalimu, sisi tunakwenda jikoni, kwenye meza ya kugawia chakula. Pale ndipo pasafi kuliko shule nzima, Bibi Jikoni anapangusa kila saa. Tutawashinda wote."

Bibi Jikoni, mshauri, ni mama mkwe wangu.

Naomba nikueleze kidogo ili unielewe. Huyu mama alikuwa mpishi wa shule hii kabla mimi sijaajiriwa, na ndiye aliyenipeleka nyumbani kwake, maana nilipokuwa mgeni alikuwa akiniona namaliza chakula, naosha sahani mwenyewe, nairudisha dirishani na kusema asante, basi akaenda kumwambia mwanawe, fundi wa friji, kwamba pale shuleni amekuja binti mwenye adabu na friji ya walimu imeharibika, na mimi mpaka leo siamini kwamba ile friji ilikuwa imeharibika kweli. Tunaishi nyumba moja tangu nilipoolewa, hatujawahi kurushiana neno, nikiumwa ananikanda mgongo, na watu wa mtaani wanadhani mimi ndiye mwanawe wa kumzaa na yule fundi ndiye mkwe.

Basi kipande cha sabuni kikabaki cheupe, cha maji matupu kikapata madoa, cha wacheza mpira na cha dawatini vikachafuka kama tulivyotarajia, lakini kile cha meza ya jikoni ndicho kilichotangulia kuota ukungu, kwanza wa kijani, halafu ukaingia weusi, halafu ukawa na manyoya, mtoto mmoja akasema mkate unafuga ndevu. Chiriku alilia. Aliniomba achore kipande cheupe, akasema Bibi Jikoni ni mtu mzuri na haiwezekani mkate wake uwe hivi, nami nikachuchumaa pale sakafuni nikamwambia kwamba mtu mzuri ni mtu mzuri na mkate ni mkate, na kwamba katika sayansi tunaandika tulichokiona, siyo tulichokitaka. Akajifuta machozi kwa mkono wa sweta, akachukua rangi ya kijani, akachora. Mshauri, kama kuna dakika moja niliyojiona mwalimu kamili katika maisha yangu, ni ile.

Sababu ya ukungu naijua, siyo siri. Jikoni kuna kitambaa kimoja, hicho hicho kinashika sufuria, kinafuta meza, kinafuta mikono, na sabuni inatolewa ofisini kwa Mkuu kwa kubembeleza. Nilipaswa labda kumwambia mama, na nilitaka, lakini nikifika nyumbani namkuta amechoka, ameinua miguu juu ya kigoda, anacheka na redio, nashindwa, najiambia nitasema kesho, na kesho yake hivyo hivyo, mpaka siku ya wazazi ikafika.

Kabla ya siku hiyo Mkuu wa shule alipita darasani, akasimama mbele ya ule ukuta akiwa ameweka mikono nyuma, akaniuliza kile cha kijani kimetoka wapi, nikamwambia. Akasema, "Kitoe, weka kingine cheupe. Nani atajua?"

Nikamjibu, "Watajua watoto, Mkuu. Wao ndio walioweka."

Akacheka kidogo, cheko lile la mdomo tu, akaondoka, na mimi nikakiacha pale pale.

Siku ya wazazi darasa lilijaa mpaka varandani, watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto magoti yanagusa kidevu, na kwa kweli watoto walining'arisha. Baba mmoja mwenye suti aliambiwa na bintiye akate robo tatu ya duara, akakata vibaya, akarudishwa mbele kurekebisha huku wenzake wanampigia makofi. Ikafika zamu ya mkate. Chiriku akasimama, akaeleza kila kipande bila kusoma popote, akafika cha mwisho, akavuta pumzi.

"Hiki tulikipangusia kwenye meza ya chakula. Sisi tulidhani kitakuwa cheupe kuliko vyote, kwa sababu Bibi Jikoni anatupenda. Lakini tunaandika tulichokiona, siyo tulichokitaka."

Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe huko ndiko wanakolishwa wanetu!" na darasa zima la wazazi likaangua kicheko.

Nilipoinua macho, mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe vya chai ya wageni. Alikuwa amesikia yote. Bwana mmoja aliyekuwa ameshapewa kikombe akakirudisha kwenye sinia taratibu, akijifanya hajakirudisha. Mama aliliweka sinia kwenye dawati la karibu, akavua aproni, akaikunja mara moja, akaikunja tena, akaja akaiweka juu ya meza yangu, akatoka. Chiriku akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, nimesema vibaya?" nikamwambia hapana, umesema vizuri sana, na hilo siwezi kulibadilisha hata leo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Tangu hapo ni likizo na nyumba yetu haikaliki. Mama anaongea na kila mtu isipokuwa mimi. Nikiwa nimekaa hapo hapo atamwambia mume wangu, "Mwambie mwalimu maji yake ya kuoga yamechemka." Zamani alikuwa ananiita mwanangu. Nilisikia akimwambia jirani kwenye uzio, "Sitaki makubwa. Nataka aniombe radhi mbele ya wale wale walionicheka, basi. Bila hivyo jikoni sirudi."

Mkuu naye hakukaa kimya, alikuja mpaka nyumbani na karatasi iliyopigwa chapa, anataka niisome siku ya kufungua shule, asubuhi mstarini, mbele ya shule nzima na wazazi watakaokuwepo. Imeandikwa kwamba jaribio lilifanyika kimakosa, kwamba kile kipande kilikuwa kimeharibika tangu dukani, na kwamba jiko la shule ni safi na halijawahi kuwa na dosari. Ameniambia nikikataa ataandika kwa ofisi ya elimu nihamishwe. Mume wangu anasema, "Isome tu yaishe, ni karatasi, mama arudi kazini na sisi tupumue." Na mimi naona Chiriku amesimama kwenye mstari wa darasa la tatu, ananisikiliza.

Mshauri, nikiisoma nawapoteza watoto, nisipoisoma nampoteza mama, na pengine na kituo cha kazi. Sijui kuongopa mbele ya watoto na sijui kuishi na mama aliyeninunia. Niambie nifanye nini.

Ni mimi,
Mwalimu wa Mkate

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Mwalimu wa Mkate,

Kwanza pokea pongezi, kwa sababu katika barua yote ndefu umejipongeza mwenyewe mara kadhaa na ulikuwa na haki. Mtoto wa darasa la tatu anayeweza kusimama mbele ya watu wazima akaeleza kwamba alichokitarajia sicho alichokiona, na akakieleza huku kinamuuma, huyo amefundishwa. Wapo watu wenye ofisi na kalamu mbili mfukoni ambao hawajafika hapo. Kwa hiyo usinung'unike hata kidogo kuhusu ule mkate, wala kuhusu Chiriku. Hapo ulisimama sawasawa, endelea kusimama.

Sasa njoo karibu nikugombeze.

Ule ukungu ulikuwa ukutani kwako siku na siku. Watoto waliujua. Mkuu aliujua. Wazazi wakaalikwa waje waujue. Mtu mmoja tu hakuambiwa, na huyo mnalala naye nyumba moja, anakukanda mgongo, anakuchemshia maji ya kuoga. Unasema ulikuwa unamkuta amechoka. Kuchoka kwake hakukukuzuia kula alichopika. Sema ukweli, binti yangu: uliogopa dakika tano za aibu sebuleni, ukamwachia yeye aibu ya darasa zima. Alikuja na chai ya wageni wako, akakuta yeye ndiye mada. Mtu anarudisha kikombe mbele ya macho yake, na wewe umesimama hapo na chaki. Hicho ndicho kilichomvua aproni. Mkate haukumfukuza.

Na hapo ndipo unapojichanganya. Umeniandikia kana kwamba mama mkwe wako na Mkuu wako wanataka kitu kimoja. Rudia maneno uliyoyaandika mwenyewe. Mama alisema uzioni kwamba anataka umwombe radhi mbele ya waliomcheka. Ni wapi aliposema anataka uongope? Ni wapi aliposema mkate uliharibika dukani? Hayo ni ya Mkuu. Mkuu ameliona jeraha la mama yako akaona ni mahali pazuri pa kufichia sabuni anayoitoa kwa kubembelezwa. Mimi sikuwahi kufika shuleni kwenu, lakini mtu mwenye haraka ya kutangaza kwamba jiko halijawahi kuwa na dosari, wakati jiko hilo lina kitambaa kimoja, simhitaji anieleze haraka yake inatoka wapi.

Kwa hiyo usiniambie una njia mbili na zote zina miiba. Una deni la radhi kwa mama, na huna deni la uongo kwa mtu yeyote.

Fanya hivi. Leo, siyo kesho, maana kesho yako tunaijua, nenda kwa mama ukiwa peke yako. Usiende na mume, usiende na ile karatasi, na nakuomba sana usiende na somo. Usimweleze vijidudu vinavyozaliana. Usimwambie "lakini". Mwalimu akishaanza na "lakini" anamaliza ubaoni. Kaa chini, umwambie: mama, niliujua ule mkate, nikakuficha, ukaaibika mbele ya watu, na kosa ni langu. Halafu funga mdomo. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema maneno makali, yameze, yanakuhusu.

Siku ya kufungua shule nenda ofisini kwa Mkuu kabla ya kengele, mlango ukiwa wazi, umrudishie karatasi yake mkononi. Mwambie utasema mstarini, ila kwa maneno yako. Akitaja uhamisho, mwambie kwa upole kwamba ofisi ya elimu ikija utawaonyesha michoro ya watoto yote, kisha utawaomba wapite jikoni waone vifaa. Sauti usiipandishe. Huna sababu, na yeye anajua.

Ukisimama mbele ya shule, sema mambo mawili tu. Sema darasa la tatu walifanya kazi nzuri na walichokiona ndicho kilichokuwepo. Kisha sema kwamba wewe, mwalimu wao, ulikosea kwa kutomwambia mpishi kwanza, kwamba anapika kwa kitambaa kimoja na sabuni ya kuomba, na kwamba unamwomba radhi hapo hapo mbele ya wazazi waliopo. Usiogope watoto kukuona umekosea. Unawafundisha kuandika wanachokiona. Wacha na wewe wakuone.

Na wewe fundi, mume wa mwalimu, najua utasoma hili kwa sababu mke wako ataliacha wazi mezani makusudi. "Isome yaishe" siyo ushauri, bwana, hiyo ni njia ya kutafuta usingizi. Mkeo na mama yako wanaongea kupitia kwako kama kupitia tundu la funguo, na wewe umekubali kuwa tundu. Mama akikwambia "mwambie mwalimu maji yamechemka", mjibu, "Mama, huyo hapo, mwambie." Kisha nenda dukani ukanunue vitambaa vya jikoni, vingi, vya rangi tofauti, na sabuni ya maana, uvipeleke shuleni ukiwa umevaa shati safi. Hilo unaliweza bila ushauri wa mtu.

Kwa yule mama aliyekaa nyuma, akapiga kelele, na kwa wote waliocheka: siku nyingine mkiona meza ya watoto wenu ina kasoro, ulizeni jiko linakosa nini. Kicheko hakifuti meza.

Simama, mwanangu. Nenda ukaongee na mama yako.

*

Jibu hili nilimsomea mwalimu kwa simu kabla gazeti halijakwenda mitamboni, kwa sababu shule yao ilikuwa inakaribia kufunguliwa na sikutaka akutane na ushauri wangu baada ya kengele. Alinisikiliza, akasema "nimeelewa, asante", akakata. Mchana huo huo akanitumia ujumbe huu, na ameniruhusu niuweke hapa kama ulivyo:

"Mshauri, nimekwenda. Nilimkuta uani anaosha vyombo. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikasema kama ulivyoniambia, neno kwa neno, nikanyamaza. Aliendelea kuosha. Aliosha sufuria ambayo nilikuwa nimeshaiona ni safi, akaiosha tena. Halafu akaniuliza bila kunitazama, 'Wale watoto walicheka?'

Nikasema hapana, mama, waliocheka ni wazazi.

Akasema, 'Wazazi nimewasikia mwenyewe. Nauliza watoto.'

Nikamwambia hata mmoja hakucheka. Nikamwambia Chiriku ndiye aliyechagua meza yake, kwa sababu alikuwa na uhakika atashinda wote. Nikamwambia alivyolia, na alivyotaka kuuchora mkate mweupe. Mama akaacha kuosha. Akakaa na ile sufuria mapajani, maji yanamchuruzikia kwenye gauni, wala hakujali.

Nikamwambia pia kuhusu karatasi ya Mkuu, na nitakachokisema mstarini badala yake, maana sikutaka kumficha tena kitu. Akaguna. Akasema, 'Tangu dukani? Mkate uharibike tangu dukani mimi nisiusikie harufu? Huyo mtu anadhani mimi nimepika na pua ya nani miaka yote hii?' Kisha akasema yale ya mstarini niyaseme, na niyaseme kwa sauti, siyo kama ninavyoongea na wageni, na akaniita mwanangu, mshauri, akaniita mwanangu mimi nikashindwa kujizuia.

Alipoona nalia akaninyooshea kitambaa cha kuoshea vyombo nijifute, akakiangalia mkononi mwake, akakirudisha, akanipa upindo wa kanga yake. Akasema, 'Huyo mtoto wako mwambie shule ikifunguliwa alete mkate mwingine jikoni. Safari hii aje na sabuni, na meza nitaifuta mbele yake.'"